Alhamisi za Udongo

Jumatatu, 28 Aprili

Daftari hili nimepewa na Mwalimu Bosibori. Ameniambia, "Mzee Wesley, andika chochote, hakuna atakayesahihisha." Nimengoja miaka sabini na minne nipate mwalimu wa namna hiyo. Yule wa darasa la sita angekuwa na roho kama yake, labda nisingetoka kwa dirisha.

Naandika Kiswahili, kwa sababu ndicho jeshi lilinipigia kelele nacho miaka ishirini na miwili, na kwa sababu Pamela, mke wangu, anakisoma pole pole kama mtu anayetembea juu ya miiba. Kwa hivyo humu naweza kumsema.

Habari yenyewe ni hii. Bosibori ni msichana wa Kisii, mdogo, sauti kubwa. Kila Alhamisi alasiri atakuwa anakusanya askari wastaafu wa hapa Lambwe na watu wa nyumbani kwao, kwenye ukumbi wa kanisa, tucheze na rangi, udongo na matambara. Ati tukicheza kama watoto, usingizi utarudi. Mimi usingizi wangu haujawahi kuniacha. Pamela anausikia kutoka jikoni.

Siendi kwa ajili yangu. Mimi nilikuwa mpishi wa jeshi. Kitu cha pekee nilichopiga risasi ni mbuzi, na alikuwa amefungwa. Naenda kwa ajili ya Maurice, kijana wangu. Alirudi kutoka Somalia miaka mitatu iliyopita, mikono miwili, miguu miwili, tukachinja. Halewi, hapigi mtu, analima kuliko trekta. Lakini hali chakula na watu. Analala peke yake kwenye simba, ile nyumba ndogo ya ujana wake, na chakula chake binti yake Valentine anakiweka juu ya kigoda mlangoni. Anangoja mtoto aondoke, ndipo mkono unatoka kuchukua sahani. Valentine ana miaka saba. Anaujua mkono wa baba yake vizuri sana.

Jana Bhoke, mke wa Maurice, alinijia nikichanja kuni. Ni Mkuria, hana maneno mengi.

"Baba, nimevumilia miaka mitatu. Shule zikifungwa Agosti, kama hajakaa chini na mtoto wake wakala pamoja, nitaenda na mtoto kwetu Kehancha. Sitagombana na mtu. Nitaenda tu."

Leo muhula umefunguliwa. Nimehesabu: kuna Alhamisi kumi na nne.

Alhamisi, 1 Mei

Nilimdanganya Maurice kwamba goti langu haliwezi kunifikisha kanisani. Akanisindikiza, akakaa nje juu ya jiwe, mgongo ukutani, macho barabarani.

Ndani, Bosibori akasema tuchore kwa mkono wa kushoto, macho tumeyafumba. Kulikuwa na Ryoba, sajini mstaafu, Mkuria aliyenunua shamba hapa akaja na nidhamu yake yote. Alikuwa amekuja na rula.

"Mwalimu," akauliza, "hiyo amri imetoka wapi?"

"Imetoka kwangu, Sajini."

"Ndiyo, madam." Akafumba macho kwa nguvu mpaka masikio yakasogea.

Mimi nilimchora Pamela. Alitoka kama jiko la makaa. Nilipompelekea aliitazama muda mrefu, akasema, "Angalau umekumbuka kwamba nina moto."

Mvua ilinyesha. Maurice hakuingia.

Ijumaa, 2 Mei

Mvua. Nimekumbuka kuchechemea.

Alhamisi, 8 Mei

Leo Bosibori alitaka matambara ya rangi. Nikamletea kitambaa kizuri cha buluu. Akafurahi, akakikata. Halafu Ryoba akauliza, kwa sauti ya kortini, kwa nini kitambaa kile kinafanana na mtego wa mbung'o uliokuwa pale kwa daraja. Nikasema mbung'o wa daraja lile wamestaafu. Nimeambiwa nirudishe kipande kilichobaki.

Maurice, nje. Jiwe lile sasa linang'aa.

Alhamisi, 15 Mei

Mvua kubwa. Tulikuja watatu. Wa nne alikuwa juu ya jiwe, ameloa.

Alhamisi, 22 Mei

Leo nitaandika mpaka kalamu iombe maji.

Pamela alisema, "Kama ni udongo mnataka, mtakula mchanga bila mimi." Anajua pale akina mama wanapochimba udongo wa vyungu. Mwanamume hakanyagi pale. Basi mimi nilisimama njiani kama punda mpaka debe likajaa, ndipo nikaitwa kulibeba, kama punda tena.

Bosibori akasema tufinyange chochote. Wazee tukatazamana. Hakuna aliyeuliza. Kila mtu aliyechunga ng'ombe akiwa mdogo anajua udongo ni wa nini: ni wa kufinyanga madume ya ng'ombe. Tulikuwa tukiyapiganisha, pembe kwa pembe, na mwenye dume lililovunjika pembe kesho anachunga peke yake wenzake wakiogelea.

"Dume la Kikuria halijawahi kushindwa," akasema Ryoba.

"Kwa sababu mnayaiba yakiwa tayari yameshinda," nikamwambia.

Tukapigana. Lake likavunja pembe za langu. La pili, vile vile. Ukumbi wote umesimama, wajane wanashangilia, Pamela mke wangu wa ndoa anamshangilia Ryoba. Nikafinyanga la tatu. Ndipo nikaona kivuli juu ya meza.

"Baba," kivuli kikasema, "ng'ombe gani ana pembe kama masikio ya punda?"

Maurice alikuwa ameingia. Hatukugeuka, sisi sote, kama watu walioona ndege ambaye ukisogea ataruka. Akalichukua dume langu, akalowesha kidole, akavuta nundu, akanyoosha pembe mbele. Akachomoa unyasi kwenye ufagio, akauweka ndani ya pembe.

"Ukiweka unyasi, haivunjiki."

Dume langu lililipasua la Ryoba katikati. Ryoba anadai kulikuwa na silaha iliyofichwa, anataka tume ichunguze. Na Maurice akatoa sauti puani. Pamela anasema ilikuwa chafya. Mimi niliyemfundisha kucheka nasema kilikuwa kicheko.

Alhamisi, 5 Juni

Wiki mbili sasa anakaa ndani, karibu na mlango. Leo alimwomba Bosibori kisu kidogo na patasi aende navyo nyumbani. Bosibori akampa bila kuuliza ni vya nini. Mimi ningeuliza.

Chakula bado kwa kigoda. Alhamisi sita zimeisha.

Jumatano, 11 Juni

Leo nimefanya ujinga ambao umri wangu wote haujawahi kuniona nikiufanya, na umeniona na mengi.

Asubuhi niliingia simba kuchukua jembe. Maurice alikuwa shambani. Kitandani kwake kulikuwa na mtu amelala. Nikasogea. Haikuwa mtu. Ilikuwa yago.

Daftari, wewe umetengenezwa mbali, wacha nikueleze. Yago ni tunda refu, zito kama mguu wa mtoto, linaning'inia kwenye mti kama soseji ya jitu. Sisi Wajaluo, mtu akipotea mbali na mwili wake usionekane, hatumwachi hivyo. Tunakata yago, tunaivika nguo, tunaililia kama yeye, tunaizika nyumbani kwake. Hapo ndipo anakuwa amerudi. Lakini hakuna mtu anayeweka yago ndani ya nyumba ambayo haijafiwa. Hiyo ni kuita kifo.

Na hii ilikuwa imevikwa shati la jeshi la Maurice mpaka shingoni. Ncha ya juu ilikuwa imechongwa uso: paji, nyusi, macho yaliyofumbwa, pua.

Nikaona mtoto wangu anajizika. Nikaona anatuambia hakurudi, kwamba aliyerudi ni huu mkono unaotoka mlangoni. Na mimi, mtu anayeongea tangu jogoo mpaka kuku walale, sikumngoja nimuulize. Niliivua lile shati, nikaifunga yago ndani ya koti langu, nikaenda nayo mtoni. Mto umejaa siku hizi, una rangi ya chai ya maziwa. Nikaitupa. Ilizama, ikaibuka, ikaenda na macho yake yamefumbwa.

Saa sita Maurice alinijia chini ya ghala, shati mkononi.

"Baba, yuko wapi?"

Hakusema iko wapi. Alisema yuko. Nikamwambia ukweli.

Akakaa chini kwenye tope. "Yule hakuwa mimi," akasema. "Alikuwa Elvis."

Elvis, mtoto wa kisiwa cha Rusinga, rafiki yake wa jeshi. Tulijua alikufa, hatukujua zaidi. Lori lilikanyaga bomu, hakukubaki cha kuzika. Mama yake, Marcella, aliletewa barua na bendera, lakini amekataa kuzika yago. Amesema hatazika tunda kwa sababu ya karatasi. Atazika tu siku atakapokuja mtu aliyeona kwa macho yake.

"Aliyeona ni mimi," Maurice akasema. "Miaka mitatu naogopa kwenda kwake mikono mitupu. Nilikuwa nampelekea uso wake. Na wewe umempoteza mara ya pili."

Hakupiga kelele. Heri angepiga. Akaenda, akafunga mlango. Sahani ilikaa kwenye kigoda mpaka kuku wakaimaliza.

Alhamisi, 12 Juni

Hakuja. Sikuchora. Bosibori alikaa nami, akifinyanga vidonge vidogo vya udongo, akivipanga kwa mstari mbele yangu.

Jumatatu, 16 Juni

Mvua. Valentine anarudi na sahani ikiwa imejaa. Leo nimeona Bhoke akivaa viatu vya kwenda shuleni. Ameenda kuulizia barua ya uhamisho.

Jumanne, 17 Juni

Nilimwendea Ryoba. Nikamwambia, "Sajini, nahitaji yago." Akavaa kofia.

Kuna mti karibu na ua wa mbuga. Ryoba alitoa amri, mimi nikarusha kamba. Nilirusha mara tisa. Mara ya tisa ikashika, tukavuta, na yago moja, kubwa, ikashuka hatua mbili kutoka kichwani mwa Ryoba, ikapiga ardhi: bumu!

"Chini!" akapiga ukelele, akalala kifudifudi, mikono kichwani.

Nilicheka mpaka nikashika mti. Halafu nikaona hainuki. Mgongo wake ulikuwa ukitetemeka kama wa ndama aliyenyeshewa. Nikalala kando yake, na mimi kifudifudi, kwenye majani yaliyoloa. Tukawatazama mchwa. Walikuwa na kazi nyingi.

Baada ya muda akasema, "Mpishi, usimwambie mtu."

"Simwambii mtu." Daftari si mtu.

Tuliibeba wawili. Niliiweka mlangoni mwa simba, juu ya kigoda, nikaondoka bila neno. Pamela anasema huo ndio muujiza wa kwanza aliouona kwa macho yake.

Alhamisi, 19 Juni

Ameingia ukumbini na yago begani, akaiweka mezani. Uso ulikuwa umeanza tena: paji, nyusi, macho. Katikati hakuna kitu.

"Mwalimu," akasema, "nimesahau pua yake. Ile ya kwanza ilikuja yenyewe. Sasa haiji."

Bosibori akafikiri. "Tueleze. Kila mtu atafinyanga pua ya udongo, wewe utachagua."

Basi Maurice, ambaye kwa miaka mitatu tulimtoa maneno kama mtu anayekamua ng'ombe mkavu, akasimama akaeleza pua. Si ndefu. Pana, lakini si kama ya Baba. (Watu wakacheka, nikasimama nikainama kama mbunge.) Ina kama kidimbwi hapa juu. Akicheka inakunjamana yote, mpaka unajua anakaribia kucheka kabla mdomo haujajua.

Tukafinyanga. Mwishowe kulikuwa na pua kumi na nane mezani. Sijawahi kuona kitu cha kutisha kama kile. Ya Ryoba ilikuwa ya Ryoba, na masharubu chini. Yangu, Pamela alidhani ni kiazi. Maurice akapita pole pole, akigusa moja moja kwa kidole. Akasimama.

"Hii," akasema. "Ndiyo hii. Nani ameifanya?"

Mlangoni mkono ukainuka, umejaa udongo. Ni Bhoke. Alikuwa amekuja kuchukua ufunguo kwangu, akabaki.

"Hukumjua Elvis," Maurice akamwambia.

"Sikumjua. Nilikuwa natazama uso wako ukimweleza."

Alimtazama mke wake, nafikiri, kwa mara ya kwanza tangu mvua ya mwaka juzi.

Alhamisi, 3 Julai

Pua imeingia. Mdomo umeanza. Mvua imepungua, mahindi yanasimama kama askari kwenye kwata.

Nilimwambia Bhoke mambo yanakwenda vizuri. Akasema, "Baba, pua si chakula." Barua ya uhamisho ameshaipata. Iko chini ya godoro, Valentine ameniambia.

Jumatatu, 14 Julai

Jua. Kigoda. Sahani. Mkono.

Alhamisi, 24 Julai

Amemaliza. Ameomba tumsindikize Rusinga keshokutwa, sote. Bhoke amesema atakuja, "kwa ajili ya huyo mama." Bado wiki moja.

Jumamosi, 26 Julai

Tulivuka daraja la Mbita kwa matatu asubuhi, ziwa limetulia, yago imelala mapajani mwa Maurice, shati limefungwa mpaka kidevuni. Hakuna abiria aliyeuliza. Watu wa huku wakiona wanajua, wanavua kofia.

Marcella ni mwanamke mrefu. Alikuwa amesimama langoni na watu wa boma lake. Ninaandika kwa Kiswahili, lakini alisema kwa lugha yetu: "Ni wewe uliyeona?"

"Ni mimi, Mama."

"Basi sema."

Maurice akasema akiwa pale pale nje ya lango. Ilikuwa saa ya chakula kule Somalia. Yeye na Elvis walikuwa wanakula kutoka bakuli moja la bati, wali na maharagwe. Likaitwa jina la Maurice, aende na lori la kuteka maji. Akamwambia Elvis, "Niendee, nimalize kula." Elvis akalamba kijiko, akasema, "Niachie maharagwe." Lori halikufika kisimani.

"Niliusikia mlipuko, Mama, nikainua macho nikaliona lori likiwaka, na nilikuwa bado natafuna."

Bhoke alikuwa kando yangu. Alishika leso akaziba mdomo. Miaka mitatu tulifikiri hataki kutuona tukila. Mimi nilishasema, nikiwa nimekunywa chang'aa kidogo, kwamba anajiona bora kuliko ugali wetu. Nimeandika hapa ili nisijifanye sikusema.

Marcella akanyoosha mikono, akapokea yago, akafungua shati. Akatazama.

"Masikio ni makubwa," akasema.

"Yalikuwa makubwa, Mama."

"Wewe unaniambia mimi? Nilimzaa nayo! Lakini si hivi. Umemfanya popo." Akacheka, kweli akacheka, na kicheko kile kile kikageuka katikati ya koo lake kikawa kilio, na akina mama wa boma wakakipokea, kikaenda mpaka ziwani.

Tulimzika kando ya nyumba ya mama yake. Ryoba, aliyekuja na suti na medali zake, alipiga saluti mpaka mchanga ulipokwisha. Maurice alishika koleo kuanzia mwanzo mpaka mwisho, hakumpa mtu.

Kisha chakula. Tulipangwa, wanaume huku, wanawake kule. Maurice akaanza kurudi nyuma kuelekea lango, kama kawaida. Marcella akatoka jikoni na sinia moja: ugali, na samaki wa ngege mzima kwa mchuzi. Akatandika mkeka katikati ya uwanja, mahali ambapo hakuna anayekaa, akaketi.

"Njoo."

"Mama, siwezi."

"Sikukuuliza."

Akaenda, akakaa. Nilikuwa mbali lakini mimi ni mpishi, mambo ya kula nayaona hata gizani. Marcella akakata tonge, akalichovya, akamwekea kiganjani, akaukunja mkono wake juu ya lile tonge. Alikaa nalo. Halafu Maurice akalitia mdomoni, akatafuna kama anayetafuna changarawe, machozi yanaingia kinywani pamoja na ugali. Akameza. Marcella akakata tonge lake mwenyewe, akala. Kisha akalisukuma sinia mbele ya Maurice, kama kusema sasa ni zamu yako.

Hapo Bhoke akasimama kutoka kwa akina mama. Akamshika Valentine mkono, wakanawa, wakaja mpaka kwenye mkeka.

"Mama," akamwambia Marcella kwa Kijaluo chake kibovu kinachonichekesha siku zote, leo hakikunichekesha, "tusogezee."

Wakasogea. Mikono minne ndani ya sinia moja. Mimi ni baba mkwe, siwezi kukaa karibu na sahani ya Bhoke, basi nilikaa kwenye benchi langu, nikingoja kama mzee mwenye heshima niletewe kichwa cha samaki, kwa sababu nyumbani kwetu kichwa ni changu tangu Maurice hajazaliwa.

Maurice akakivunja kichwa, akakigeuza, akampa binti yake, na kwa kidole akamwonyesha shavuni, pale penye nyama laini, pa kuanzia.